Barabara ya Msituni Ilipofungwa: Tulivyopanda na Kushuka Mlima Meru

Mlima Meru una njia mbili za kufikia kituo cha Miriakamba, ambako wapandaji hulala usiku wa kwanza. Njia ndefu ni barabara ya gari iliyochongwa ndani ya msitu. Inavuka mto Ngare Nanyuki, inaelekea kusini, inapita chini ya mkuyu mkubwa ambao mizizi yake imeacha uwazi mpana kama mlango wa ghala, inatokea kwenye uwanda wa nyasi wa Itikoni, kisha inapanda kwa mizunguko hadi kandokando ya kasoko, yaani shimo la volkano, kabla ya kuishia Miriakamba. Njia fupi ni ya miguu tu: inakatiza mbuga wanamolisha nyati na twiga, halafu inaukabili mgongo wa mlima bila kuzungukazunguka. Kwa mwendo wa wageni, ya kwanza huchukua saa tano au sita na ya pili saa tatu hadi nne. Desturi yetu sisi waongozaji wa Arusha ni kupanda kwa ndefu na kushuka kwa fupi, kwa sababu ile ndefu humpa mgeni mwinuko wa polepole na vitu vya kutazama, na ile fupi humfikisha Momella, lango la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kabla magoti hayajaanza kulalamika.

Msimu mmoja wa masika dhoruba ya usiku iliharibu barabara hiyo ya msituni, nayo ikafungwa kwa matengenezo kwa muda mrefu kuliko wengi wetu tulivyotarajia. Katika kipindi hicho niliendelea kuongoza wapandaji, na yale niliyojifunza yalinifanya niitazame barabara ile kwa jicho jingine. Hadi wakati huo nilikuwa naihesabu kuwa njia ya kupandia. Ilipofungwa ndipo nilipotambua kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kushushia watu.

Kwanza nieleze jinsi barabara ya aina hii inavyoharibika, maana wageni wengi hudhani ni suala la tope tu. Meru ni mlima wa volkano ambao mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910, na udongo wake una majivu mengi. Majivu yakiwa makavu gari hupita bila shida, lakini maji mengi yakipata mwanya, hata mdogo, huyachimba kwa kasi ya kushangaza. Barabara ya msituni huponea mifereji ya pembeni na makalvati yanayopitisha vijito chini yake. Upepo ukivunja matawi, mvua huyasukuma hadi mdomoni mwa kalvati, kalvati huziba, na maji yaliyokosa njia ya chini hupita juu ya barabara yakitafuta ukingo wa bonde. Pale yanapomwagikia ndipo barabara inapoanza kuliwa, kutoka ukingo wa nje kuja ndani. Mara hii kulikuwa na jambo la ziada: mtarakwa mkubwa uliokuwa umesimama juu kidogo ya barabara ulianguka, na mizizi yake ikang'oa kipande cha ukuta wa udongo. Kwa hiyo barabara ilipigwa pande zote mbili, juu na chini.

Habari zilifika Arusha kabla ya taarifa rasmi, na zilifika zikiwa zimevimba. Kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa utalii ilisemekana kwamba Meru imefungwa. Asubuhi iliyofuata ikasemekana kwamba hata barabara ya kutoka Usa River haipitiki. Nilipigiwa simu na wateja waliotaka kuahirisha, na mmoja alitaka kurudishiwa fedha zake siku hiyohiyo. Niliwajibu wote kwamba wasubiri nizungumze na langoni, kwa kuwa maneno mawili, yaani "barabara imefungwa", yanaweza kubeba hali zisizofanana hata kidogo. Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na wakala wa barabara TANROADS, zile za wilaya na vijiji ziko chini ya wakala mwingine, TARURA, tangu mwaka 2017, na zilizo ndani ya mipaka ya hifadhi ni kazi ya hifadhi yenyewe. Safari ya kutoka mjini hadi Miriakamba hupitia mikononi mwa zaidi ya mmoja, na kila mmoja hufunga na kufungua kwa sababu zake. Dereva wa gari la Noah aliyekwama kwenye korongo kabla ya lango husema kweli kwamba hakufika, lakini hawezi kujua kama mlima unapandika.

Langoni jibu lilikuwa wazi. Njia ya kuja Momella ilikuwa nzuri, mlima ulikuwa wazi, na njia fupi ilikuwa inatumika kwa kupanda na kushuka. Barabara ya msituni ilikuwa imefungwa kwa magari na kwa watembea kwa miguu vilevile, kuanzia mahali fulani ndani ya msitu hadi juu. Hilo la watembea kwa miguu ndilo liliwaudhi waongozaji wenzangu. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu mwenye miguu miwili huweza kuzunguka shimo lolote, kwamba miaka yote tumeruka magogo na kuvuka vijito, na kwamba mgeni aliyelipia kuona mkuyu anapaswa kuuona. Mimi mwenyewe niliiona hoja hiyo kuwa na uzito hadi nilipozungumza na fundi mmoja wa kikosi cha matengenezo aliyekuwa akinywa chai pale langoni. Alinieleza mambo ambayo ubao wa taarifa hauna nafasi ya kuyaandika.

Alisema ukuta wa udongo uliokatwa upya hauporomoki siku ya mvua peke yake. Mara nyingi huporomoka siku ya jua inayofuata, maji yanapokuwa yameshaingia ndani na uzito umeongezeka huku juu pakionekana pamekauka. Alisema pia kwamba mwendesha kijiko, ile mashine ya kuchimbia, anapoigeuza kwenye barabara nyembamba haoni kilicho nyuma ya bega lake la kulia, na kwamba wenye misumeno ya mashine wanaokata miti iliyolalia miti mingine hawawezi kujua shina litarukia wapi. Msituni, sauti ya mashine humezwa na kona. Mtu anaweza kutokea akiwa hatua chache tu kutoka kwenye kazi kabla yeyote hajamwona. Baada ya maelezo hayo sikuwahi tena kuomba kupitishwa pale kwa ajili ya kutalii, na nikiwasikia wenzangu wakilalamika nawarudishia maneno ya fundi yule.

Kikundi nilichokuwa nacho wakati huo kilikuwa cha wafanyakazi wa ofisi moja ya hapa Arusha, watu wazima waliokuwa wamefanya mazoezi ya kutosha kwenye vilima vya karibu na mji, pamoja na mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliyekuwa shangazi wa mmoja wao na ambaye kwa mwendo aliwashinda vijana wengi. Niliwakusanya mjini jioni moja kabla ya safari niwaeleze mabadiliko. Nimekuwa na msimamo kwamba habari ya njia kufungwa inapaswa kutolewa mtu akiwa bado amekaa kwenye kiti, akiwa na uhuru wa kukataa. Ukimwambia langoni, begi likiwa tayari mgongoni na malipo ya hifadhi yakiwa yamekwisha kufanyika, unakuwa umemnyima uamuzi. Niliwaambia watakosa mkuyu, watakosa Itikoni, na watapanda mteremko mkali zaidi siku ya kwanza. Walikubali bila mjadala mrefu. Kisha yule mama akauliza swali ambalo wageni hawaulizi mara nyingi.

"Mwanangu," aliniambia, "tukishapanda nimekuelewa. Sasa mtu akiugua huko juu, anashukia wapi?"

Nilimjibu kwamba swali hilo nilikuwa nimeshampelekea askari wa hifadhi, na nikamweleza jibu nililopewa. Kwa kawaida gari la hifadhi huweza kupanda barabara ya msituni hadi karibu na Miriakamba. Kutoka kituo cha Saddle, ambako wapandaji hulala usiku wa pili, hadi Miriakamba hakuna njia ya gari, hivyo mgonjwa hutembea akishikiliwa au hubebwa, lakini akishafika Miriakamba huwa na matumaini ya magurudumu. Barabara ikiwa imekatika, matumaini hayo yanabaki chini ya mkatiko. Nilikuwa nimemuuliza askari, "Afande, mtu akishindwa kutembea Miriakamba, tunampitisha fupi au mnaturuhusu kushuka na barabara hadi kwenye mashine?" Afande alifikiri kidogo, akasema kwamba kwa mgonjwa barabara ingeweza kufunguliwa, ila kwa sharti kwamba taarifa itolewe kwa redio mapema ili kazi isimamishwe, na kwamba tuwe na watu wetu wa kutosha wa kubeba, kwa kuwa mafundi hawawezi kuacha kazi kupanda kutufuata. Hili la mwisho ndilo lililobadilisha maandalizi yangu. Niliongeza wagumu wawili, yaani wabeba mizigo wa mlimani, ambao hawakupewa mzigo wa maana kwenda juu. Walibeba blanketi, kamba, turubai na vifaa vya huduma ya kwanza, vitu ambavyo kwa uzito ni mchezo kwa mtu aliyezoea kupanda na kilo zake ishirini.

Ofisi iliyokuwa imenipa kazi haikufurahia watu hao wawili. Nitalirudia jambo hilo.

Siku ya kupanda tulifika Momella mapema, tukakuta umati. Kila kikundi Meru hupanda na askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na wanyama wengine wa hifadhi, na barabara ya msituni ikiwa imefungwa vikundi vyote vilikuwa vinasubiri kuingia kwenye mlango mmoja. Waliokuwa wanashuka asubuhi hiyo nao walikuwa wanakuja na njia ileile. Tulipangwa kuondoka kwa kupishana, na tulikaa muda mrefu tukitazama nyani wakikagua mapipa ya taka. Nawashauri watu wanaopanda katika hali kama hiyo wasiondoke Arusha bila kushiba, kwa maana kusubiri langoni huchosha kuliko kupanda, na chakula cha njiani kikishaliwa langoni hakirudi.

Mbugani tulikuta nyati wengi wamelala karibu na njia. Afande alitusimamisha, akatuweka katika mstari mmoja, akazungukia upande wa upepo, akasubiri hadi wale wa mbele wakainuka wenyewe na kusogea. Alituambia kwamba tangu njia ndefu ifungwe nyati walikuwa wameanza kusumbuka, kwa kuwa watu walikuwa wanapita mbugani asubuhi, mchana na jioni, wakati zamani walipita zaidi saa za kushuka. Njia yenyewe ilionyesha dalili za kuelemewa. Mahali penye tope kila mtu alikanyaga pembeni kuepuka maji, na aliyefuata akakanyaga pembeni ya hapo, hata uchochoro wa mtu mmoja ukawa na upana wa barabara, na nyasi zikawa zimekwisha. Niliwaomba watu wangu wapite katikati ya tope. Viatu vya mlimani vimetengenezwa kwa ajili hiyo, na soksi za kubadilisha tulikuwa nazo. Wawili walinitii na wengine walinitii nilipogeuka nyuma.

Mteremko mkali ulifanya nilichokitarajia. Vijana waliokuwa na haraka walifika Miriakamba, mita 2,514 juu ya usawa wa bahari, wakiwa wamelowa jasho na wakiwa na kichwa kizito, huku mama muuguzi, aliyepanda kwa hatua fupi akihesabu pumzi, akifika nyuma yao akiwa ameshika chupa ya maji iliyobaki kidogo tu. Kwa njia ndefu mwili hupewa saa mbili za ziada za kuzoea hewa, na saa hizo haziwezi kupatikana kwa kulala kitandani. Kwa hiyo baada ya chai niliwatoa tena, pamoja na afande, tukatembea taratibu kuelekea upande wa kasoko, tukapanda kidogo na kurudi. Wenye haraka walinung'unika, lakini usiku ule hakuna aliyeamka na maumivu ya kichwa.

Sitaeleza kwa kirefu sehemu ya juu, kwa kuwa haikuguswa na kufungwa kwa barabara. Tulipita Mgongo wa Tembo, tukalala Saddle kwenye mita 3,570, mchana wakapanda Meru Ndogo wale waliotaka, na usiku tukaondoka kuelekea kileleni, mita 4,566. Wengi walifika. Waliogeuka waligeukia mahali pazuri, wakiwa na nguvu za kushukia, na katika kazi yangu hao ndio wapandaji ninaowaheshimu zaidi.

Tatizo lilitokea kati ya Saddle na Miriakamba, kwenye ngazi za magogo zilizolowa, wakati tayari watu walikuwa wanazungumzia chakula cha Arusha. Kijana mmoja aliteleza, mguu ukabaki kwenye ngazi na mwili ukaenda mbele. Goti lilijikunja upande. Mama muuguzi alifika kabla yangu. Aliligusa goti kwa vidole viwili, akamwambia asogeze vidole vya mguu, akabonyeza ukucha wa kidole gumba na kutazama damu ikirudi, kisha akasema kwamba haoni dalili ya mfupa kuvunjika, lakini mguu huo hautabeba uzito siku hiyo wala kesho yake. Tuliufunga kwa vijiti na kitambaa, tukatandaza turubai na miti miwili kutengeneza machela, na wagumu wakapokezana hadi Miriakamba. Ilikuwa sehemu fupi kwenye ramani, lakini ilitumaliza mchana wote.

Jioni hiyo tulikuwa na njia mbili mbele yetu. Wenzangu kadhaa waliokuwa kituoni walishauri tumshushe kwa njia fupi, kwa sababu ni fupi. Nilipinga, na bado nadhani upinzani wangu ulikuwa na msingi. Mtu akitembea mwenyewe, urefu wa njia ndio kipimo. Mtu akiwa amelala kwenye machela, kipimo ni upana na mteremko. Njia fupi ina sehemu ambazo wabebaji wawili hawawezi kukaa sambamba, ambazo wa mbele hushuka hatua kubwa huku wa nyuma akiwa bado juu, na machela hulala kwa namna ambayo mgonjwa huteleza kuelekea miguuni. Kwenye barabara watu wanne hutembea sambamba, wengine wanne nyuma yao wakisubiri zamu, na mabadiliko hufanyika bila kuweka machela chini. Barabara ilikuwa nzima kutoka Miriakamba hadi kwenye mkatiko. Ni mkatiko wenyewe tu uliohitaji akili.

Afande aliwasha redio. Mazungumzo yalikuwa mafupi: idadi ya watu, hali ya mgonjwa, saa tutakayoondoka, saa tutakayofika kwenye kazi. Jibu lilikuja baada ya muda kwamba mafundi wameambiwa, mashine itazimwa tukikaribia, na gari litasubiri upande wa chini. Kulikuwa na jambo moja la kupanga: kikundi kilichobaki kilipaswa kushuka kwa njia fupi, nacho pia kilihitaji askari. Afande wa kikundi kingine alikubali kuwaunganisha na watu wake. Mama muuguzi alikataa kwenda nao. Alisema ana goti la kulilinda, na hakuna aliyebishana naye.

Tuliondoka alfajiri. Msitu ulikuwa tulivu isipokuwa mbega waliokuwa wakinguruma juu ya mitarakwa, na barabara, kwa kuwa haikupitwa na gari kwa muda, ilikuwa na kinyesi cha nyati katikati na majani mabichi yameanza kuota kwenye alama za magurudumu. Wagumu wawili wa ziada, ambao nilikuwa nimeulizwa kazi yao ni ipi, walikuwa mbele kwenye miti ya machela bila kuombwa. Tulikaribia kazi tukiwa tunaisikia, kisha mlio ukakatika ghafla, na tulipozunguka kona tukakuta mafundi wamesimama pembeni wakitusubiri.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona ukubwa wa uharibifu. Barabara ilikuwa imekatwa na korongo lenye kina cha mtu mzima, na bomba la kalvati la zamani lilikuwa limelala chini yake, wazi, likiwa limejaa matawi na mawe hadi nusu ya mdomo. Mtarakwa ulikuwa umeshakatwa vipande, na harufu ya mti wake ilikuwa imechanganyika na ya dizeli. Upande wa chini mafundi walikuwa wanapanga magabioni, yale makasha ya waya yanayojazwa mawe, na niliona kwamba mawe hayakumwagwa ndani yake kwa mashine. Yalipangwa kwa mkono, jiwe moja moja, la bapa likitazama nje, na madogo yakisukumwa kwenye nafasi, kwa sababu kasha lililojazwa ovyo huvimba na kulegea likianza kubeba uzito. Nilikuwa nimejiuliza mara nyingi kwa nini kazi haimaliziki. Pale nikaelewa sehemu ya jibu. Sehemu nyingine fundi alinieleza baadaye: moramu, yaani udongo wa changarawe, ikimwagwa juu ya udongo uliolowa hugeuka tope pamoja nao, na lori zito likipandisha vifaa kabla barabara haijakauka huharibu kilometa za chini ili kutengeneza mita chache za juu. Kwa hiyo hufanya kazi kulingana na jua, si kulingana na kalenda yetu ya watalii.

Walikuwa wametuwekea mbao mbili juu ya korongo. Fundi mkuu alizikanyaga mwenyewe kwanza, akarukaruka katikati, kisha akasema, "Pitieni upande wa mlima. Huu wa nje bado haujashika." Hatukubeba machela juu ya mbao. Wanne walishuka korongoni wakasimama juu ya mawe, wanne wakabaki ukingoni, na machela ikapita kutoka mikono hadi mikono katika usawa wa mabega, mgonjwa akiwa amefungwa kwa kamba kifuani na mapajani. Mwendesha kijiko alishuka kwenye mashine yake akaingia korongoni pamoja nasi. Mama muuguzi alivuka mwisho kwa ubao, akiwa amekataa mkono aliopewa na fundi na akiukubali wa pili. Gari la hifadhi lilikuwa limerudi kinyumenyume umbali wote huo, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kugeuzia, na kabla ya saa sita mchana kijana alikuwa hospitalini Arusha.

Goti lilikuwa na kano iliyochanika. Alipona kwa mazoezi na uvumilivu.

Barabara ilifunguliwa kwa hatua, na hatua hizo nazo zilileta malalamiko. Kwanza waliruhusiwa watembea kwa miguu wakiwa na askari wao, kisha gari la hifadhi likiwa tupu. Malori yalisubiri zaidi, hadi moramu ilipokuwa imeshindiliwa na kunyeshewa mara kadhaa bila kuhama. Mahali palipokuwa na bomba jembamba pamewekwa kubwa zaidi, na juu yake, upande wa mlima, pamechimbwa shimo la kunasia matawi kabla hayajafika mdomoni. Sasa hivi, masika inapokaribia, huwa nasimama pale na wapandaji na kutazama kama shimo hilo limezolewa. Likiwa limejaa, namwambia afande, naye huandika.

Nilisema nitarudia suala la wagumu wawili. Ofisi iliyonipa kazi ilitaka kujua kwa nini walilipwa ujira kamili wakati mzigo wao haukupimwa hata nusu ya wengine, na ikapendekeza kwamba gharama hiyo itoke kwenye malipo yangu. Nilijibu kwa barua, nikaambatanisha maelezo ya mama muuguzi na ya afande kuhusu siku ile, na fedha zikalipwa, ingawa kwa kuchelewa na bila neno. Tangu hapo, ninapoandaa makadirio ya safari yoyote ambayo njia ya gari ya kushushia wagonjwa imefungwa, huwa naandika mstari wa peke yake wa wabebaji wa dharura, na bei yake mbele. Mteja akitaka kuukata ana haki hiyo. Namwomba tu atie saini pembeni ya pale alipokata.